Kura ya Mbulu ya 1960 na Kazi ya Wanaojitolea

Tarehe 30 Agosti 1960 wananchi wa Tanganyika walichagua Baraza la Kutunga Sheria ambalo ndilo lililoifikisha nchi kwenye Uhuru. Viti vilikuwa 71. TANU ilipata 70. Kiti kimoja tu kiliwaponyoka wagombea wake rasmi, nacho kilikuwa cha Mbulu. Wakati huo Wilaya ya Mbulu ilikuwa kubwa kuliko ilivyo leo, kwa kuwa ndani yake zilikuwamo sehemu ambazo sasa ni wilaya za Hanang, Babati na Karatu. Kwa hiyo watu wa Katesh na Bassotu wana haki sawa na wale wa Dongobesh na Haydom ya kuihesabu habari hiyo kuwa yao.

Aliyeshinda ni Herman Elias Sarwatt, aliyesimama kama mgombea binafsi. Aliyeshindwa ni Chifu Amri Dodo wa Wagorowa, ambaye TANU ilikuwa imemteua rasmi. Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba Sarwatt mwenyewe alikuwa mwanachama wa TANU, na alipoingia Barazani aliketi pamoja na wenzake wa TANU. Watu wa Mbulu hawakuikataa TANU, wala hawakuukataa Uhuru. Walichokataa ni kuchaguliwa mtu wa kuwasemea. Baina ya mambo hayo mawili ipo tofauti kubwa, na kila katibu aliyewahi kuendesha mkutano mkuu wenye mabishano anaifahamu: mwanachama anayepinga jina lililopendekezwa na halmashauri si lazima awe adui wa chama.

Kila uchaguzi unapokaribia, makatibu wa vyama vya msingi huulizwa maswali yale yale. Kwa nini mwaka mmoja watu humiminika vituoni, na mwaka mwingine hubaki mashambani? Je, chama kiwasaidie wanachama wake kupiga kura, au kikae kando kabisa? Habari ya Mbulu inasaidia kuyajibu maswali hayo, kwa sababu inaonyesha ari ya mpiga kura hutoka wapi na nani huibeba.

Tazama kwanza hesabu ya nchi nzima ya mwaka huo. Watu waliojiandikisha walikuwa kiasi cha 885,000. Kujiandikisha hakukuwa jambo jepesi. Ilimpasa mtu ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au awe na kipato cha paundi 75 kwa mwaka, au awe na cheo kinachotambuliwa. Hata hivyo masharti hayo yalikuwa nafuu yakilinganishwa na yale ya 1958, yaliyodai kipato cha paundi 150 au elimu ya darasa la nane, na tena yakamlazimisha kila mpiga kura kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Basi mwaka 1960 watu zaidi ya laki nane walitoka majumbani mwao, wakathibitisha sifa zao, wakaandikwa. Siku ya kura ilipofika, kura halali zilizopigwa zilikuwa 121,000 na kitu. Hiyo ni pungufu ya mtu mmoja katika kila saba walioandikwa.

Asiyejua habari angesema watu walikuwa wavivu. Sivyo. Katika majimbo 58 mgombea wa TANU hakuwa na mpinzani, na pasipokuwa na mpinzani hapakuwa na kura ya kupigwa. Mtu alikuwa ameandikwa, ana hamu, lakini hana sanduku la kutumbukizia kura yake. Mbulu ilikuwa mojawapo ya sehemu chache ambako kulikuwa na jambo la kuamua. Ari ya mpiga kura haitokani na mabango wala ngoma; mizizi yake ni imani ya mtu kwamba kura yake yaweza kubadili matokeo.

Haifai kuficha kwamba ukabila ulikuwamo. Wairaqw ndio waliokuwa wengi wilayani, na Wagorowa, watu wa Chifu Dodo, walikuwa wachache. Mwenye kueleza matokeo yale bila kulitaja jambo hilo atakuwa ameruka ukweli. Lakini mwenye kulitaja hilo peke yake naye hajaeleza kitu. Wingi wa watu haujipeleki kituoni wenyewe. Lazima awepo mtu wa kupita boma kwa boma, wa kukumbusha tarehe, wa kueleza karatasi inavyotiwa alama, na wa kumsindikiza mzee asiyeweza kutembea peke yake. Mgombea binafsi hana ofisi za chama wala hazina ya chama. Nguvu yake ni watu wanaomtaka kiasi cha kufanya kazi bila kulipwa.

Kazi yenyewe

Anayetaka kujua kazi hiyo ni nzito kiasi gani na aitazame nchi yenyewe. Kainam iko juu milimani, kwenye baridi na ukungu, na mashamba yake yamelimwa kwenye miteremko tangu enzi za mababu. Kutoka huko kushuka hadi bonde la Yaeda, wanakoishi Wahadzabe, ni kama kutoka nchi moja kwenda nyingine. Upande wa kusini tambarare za Hanang zimetandaa chini ya mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, na humo Wabarabaig huhama na mifugo yao kufuata maji na malisho. Uchaguzi mkuu kwa miaka mingi umekuwa ukifanyika mwezi Oktoba, yaani mwisho wa kiangazi, wakati ng'ombe wako mbali na nyumbani kuliko miezi mingine yote. Mpiga kura hupiga kura katika kituo alichoandikishwa. Mfugaji aliyeandikishwa kijijini kwake mwezi wa malisho mema, kisha Oktoba akawa na ng'ombe mwendo wa siku mbili, amekwisha kuipoteza kura yake, isipokuwa awepo ndugu au jirani wa kumshikia mifugo kwa siku hizo. Kushika mifugo ya mwenzako ili akapige kura ni kazi ya kujitolea kama nyingine yoyote, ingawa hakuna anayeiandika katika taarifa.

Iko pia kazi ya lugha. Eneo hili ni miongoni mwa mahali pachache sana barani Afrika ambapo makundi manne makubwa ya lugha yamekutana: Kiiraqw na Kigorowa ni za Kikushi, Kibarabaig ni cha Kiniloti, Kinyaturu na Kinyiramba ni za Kibantu, na Kihadza kina njia yake chenyewe, pamoja na mafumo yake ambayo wataalamu wa zamani waliyafananisha na ya watu wa kusini mwa Afrika. Matangazo ya uchaguzi huandikwa kwa Kiswahili. Mwaka 1965, uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja ulipofanyika, kanuni zilitaka mikutano ya kampeni iendeshwe kwa Kiswahili tu, na wagombea walikatazwa kuzitumia tofauti za kabila, dini na rangi. Kanuni hiyo ilikuwa na busara yake, kwani iliziba mlango wa ukabila ambao 1960 ulikuwa wazi. Lakini bibi kizee asiyejua Kiswahili alirudi kutoka mkutanoni akiwa hajafahamu lolote, na aliyemweleza usiku ule kando ya moto alikuwa mjukuu au jirani. Mtu wa namna hiyo hana cheo, na bila yeye kanuni nzuri haifiki nyumbani.

Uchaguzi huo wa 1965 una mafunzo mengine. Kila jimbo lililoshindaniwa lilikuwa na wagombea wawili wa TANU, mmoja akipewa alama ya jembe na mwenzake alama ya nyumba, nao walizunguka pamoja na kuhutubia mikutano ile ile chini ya usimamizi wa chama wilayani. Mgombea hakuruhusiwa kuendesha kampeni yake kwa fedha zake. Safari hii hapakuwa na sharti la kujua kusoma. Watu zaidi ya milioni mbili na nusu walipiga kura, wakati miaka mitano nyuma walikuwa laki moja na kitu. Na kura ziliamua. Wabunge kadhaa na hata mawaziri walianguka. Miongoni mwao alikuwamo Paul Bomani, Waziri wa Fedha, ambaye wanaushirika wote walimfahamu kwa kazi yake ya kuvijenga vyama vya wakulima wa pamba hadi kuundwa kwa Victoria Federation mwaka 1955. Alishindwa Mwanza, nyumbani kwa ushirika ule ule aliouasisi. Wakulima waliompa heshima kwa kazi aliyofanya hawakuona kwamba heshima hiyo ni deni la kulipwa kwa kura.

Mbulu nayo ilirudia kufanya uamuzi wake. Katika uchaguzi wa 2010, miaka 50 kamili baada ya Sarwatt, Mustapha Akunaay wa CHADEMA alimshinda Philip Marmo wa CCM, aliyekuwa mbunge tangu 1985 na wakati huo alikuwa Waziri. Mwaka huo nchini kote waliojitokeza walikuwa kiasi cha milioni 8.6 tu kati ya milioni 20 walioandikishwa. Mwaka 2015 jimbo liligawanywa kuwa Mbulu Mjini na Mbulu Vijijini, na yote mawili yakarudi CCM. Haya yanatajwa hapa si kwa kusifu chama hiki au kile. Yanatajwa kwa sababu kiti kilichokwenda na kurudi ni ushahidi kwamba wapiga kura wa huko hawahesabiwi kabla ya siku yao.

Posho inapoingia

Lipo jambo moja ambalo huua kazi ya kujitolea kwa haraka kuliko kiangazi kinavyoua nyasi. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, ikaruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura kwa mujibu wa mila. Ukarimu ni desturi njema. Mgeni anayefika boma la Wairaqw au la Wabarabaig hupewa chochote kilichopo, na hakuna anayeiita hiyo hongo. Ila katika ukarimu wa kweli mwenye nyumba ndiye anayempa mgeni. Katika takrima mgeni ndiye aliyekuja na mfuko, akampa mwenye nyumba, kisha akaomba kura. Mwezi Aprili 2006 Mahakama Kuu ilikifuta kifungu hicho, kwa kuwa kilimbagua mgombea asiye na mali na kilifungua njia ya rushwa. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi, inayotaka fedha zinazotumika ziwe na kikomo na vyanzo vyake vielezwe.

Sheria hizo zinamhusu mgombea. Madhara anayoyaona katibu wa chama cha msingi ni ya namna nyingine. Wanachama wanaojenga ghala la chama kwa nguvu zao hufika asubuhi na majembe, wakachimba msingi, wakasomba mawe, na kila mmoja akarudi kwake akijua kwamba ghala ni lake. Siku akitokea mtu akawalipa vijana watano kati ya hamsini, hata kama nia yake ni njema, wale 45 watauliza na wao watalipwa nini. Juma linalofuata watakuja 10. Baada ya hapo hakuna tena kazi ya kujitolea. Kuna vibarua wanaongoja mwajiri. Hali ndiyo hiyo katika uchaguzi. Kijana aliyewahi kupita kaya 40 bure kwa sababu aliamini jambo, akipewa shilingi elfu kumi mwaka huu, mwaka mwingine hatatoka bila elfu kumi, na mgombea asiye nazo hatapata wa kumpitia kaya. Tena yule kijana hataaminika kama zamani. Jirani aliyekuwa akimsikiliza kwa kuwa hakuwa na faida yoyote atamsikiliza sasa kama anavyomsikiliza mchuuzi.

Kwa hiyo swali la kwanza la mwanachama anayetaka kumfanyia kazi mgombea yeyote ni la yeye mwenyewe: angeifanya kazi hii kama asingepewa kitu? Nauli na chakula cha safari ndefu ni jambo jingine; hata mjumbe wa mkutano mkuu hurudishiwa nauli. Mpaka si vigumu kuuona kwa anayetaka kuuona.

Mahali pa chama cha ushirika

Ushirika wa Tanzania una sababu zake za kuwa mwangalifu katika mambo ya siasa. Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa kwa amri ya Serikali, mali zao zikachukuliwa, na kazi ya kununua mazao ikapewa mamlaka za mazao. Wanachama hawakuulizwa kwa kura. Vilirudishwa kwa sheria ya 1982, lakini kwa muda ushirika ukawa chini ya chama tawala kama mojawapo ya jumuiya zake, na wanakijiji wengi walijikuta wanachama bila kuomba. Ni sheria ya 1991 iliyorejesha msingi wa zamani, kwamba mtu huingia kwa hiari yake, na chama ni mali ya wanachama. Mwaka uliofuata, 1992, vyama vingi vya siasa viliruhusiwa. Tangu hapo katika chama kimoja cha msingi wamo wafuasi wa vyama mbalimbali vya siasa, wote wakipima mahindi, mbaazi, alizeti au vitunguu swaumu kwenye mizani moja. Mizani hiyo ikianza kushukiwa kuwa na upande, mkulima atampelekea mlanguzi mazao yake.

Kutokana na hayo, mwanachama, na hata katibu, ana haki zote za raia. Anaweza kumuunga mkono amtakaye, kumpigia kampeni siku zake za mapumziko, na kuwa wakala wake kituoni, mradi asifanye hivyo kwa cheo chake cha ushirika. Mali ya chama ni habari tofauti. Gari, ghala, turubai, muhuri na karatasi zenye jina la chama vimenunuliwa kwa makato ya wanachama wote, na havina ruhusa ya kumtumikia mgombea mmoja. Katibu akimwazima mgombea gari kwa siku moja, hata akitiwa mafuta, atalazimika kulieleza katika mkutano mkuu mbele ya watu waliompigia kura mpinzani wake. Tena msaada huo una thamani ya fedha, na mgombea mwenyewe aweza kujikuta matatani katika hesabu zake za gharama.

Lakini kukaa mbali na wagombea hakuna maana ya kukaa mbali na uchaguzi. Yako mambo ambayo chama chaweza kuyafanya kwa wanachama wote bila kuuliza mtu yuko upande gani, na yana manufaa makubwa kuliko hotuba. Mojawapo ni kuwaeleza tofauti ya madaftari. Wengi huamini kwamba mwenye kadi ya mpiga kura ameandikwa kwa chaguzi zote. Sivyo ilivyokuwa. Katika chaguzi za viongozi wa vijiji na vitongoji za 2019 na 2024, wapiga kura waliandikishwa katika orodha ya pekee, mbali na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ambalo hutumika katika uchaguzi wa Rais, wabunge na madiwani. Mwaka 2024 uandikishaji huo ulichukua siku 10 tu, kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba, na kura ikapigwa tarehe 27 Novemba. Mtu aliyekuwa na kadi yake sandukuni akastarehe, kisha siku ya kura akakosa jina, hakudhulumiwa na mtu; hakuambiwa tu. Na uenyekiti wa kijiji si jambo dogo kwa mkulima au mfugaji wa Hanang, kwa kuwa mkutano mkuu wa kijiji na halmashauri yake ndivyo vinavyoshughulikia ardhi ya kijiji. Watu walioyaona mashamba makubwa ya ngano ya Shirika la NAFCO yakichukua malisho ya Wabarabaig huko Bassotu katika miaka ya 1970 na 1980, na kesi za ardhi zilizofuata mahakamani, hawahitaji kuelezwa uzito wake.

Daftari la Kudumu nalo linapobandikwa kwa ukaguzi, chama chaweza kutangaza siku hizo siku ya soko la mazao, na kumwomba mwanachama mmoja kutoka kila kitongoji awakumbushe majirani wakakague majina yao. Aliyehama kutoka Endasak kwenda Gitting ahamishe taarifa zake. Kijana aliyetimiza miaka 18 aandikishwe. Marehemu waondolewe, jambo ambalo jamaa hulikwepa kwa huzuni ingawa ni la lazima. Kumpata mwanachama wa kazi hiyo kila kitongoji hakuhitaji fedha. Daftari la wanachama lililoko mezani kwa katibu linaonyesha ni nani anaishi wapi, na mara nyingi katibu tayari anamjua yule ambaye watu humfungulia mlango.

Kuna na kalenda ya chama chenyewe. Chama kisipange siku ya kupokea mazao, ya kugawa mbolea au ya kulipa wakulima ikaangukia siku ya kura, wala siku ya mwisho ya uandikishaji. Mkulima aliyengojea malipo yake miezi miwili akilazimishwa kuchagua kati ya foleni mbili atakwenda kwenye ile ya fedha, na ni vigumu kumlaumu. Halmashauri yaweza kulimaliza jambo hilo katika kikao kimoja, mara tu ratiba ya uchaguzi inapotolewa, na tangazo likabandikwa ukutani mwa ghala kwa maandishi makubwa, na chini yake jina la mtu katika kila kitongoji anayeweza kulisoma kwa Kiiraqw au Kibarabaig kwa wasiojua Kiswahili.